Rutshuru haikupiga kura 2023: je, Bunge la Kongo la 2028 litachaguliwa bila sisi tena?

Swali la msomaji:

"Jambo, Mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Kiwanja, wilayani Rutshuru. Waasi wa M23 walipoingia Oktoba 2022 tulikimbilia Kanyaruchinya, karibu na Goma. Goma nayo ilipochukuliwa Januari 2025, tukavuka mpaka kuingia Uganda. Mwaka 2023 nchi ilichagua wabunge. Sisi hatukuandikishwa wala hatukupiga kura. Kadi yangu ya zamani ya mpiga kura iliungua pamoja na nyumba. Hapa kambini watu hawaelewani. Wengine wanasema Bunge lililochaguliwa bila sisi ni batili na sheria zake hazituhusu. Wengine wanasema uchaguzi wa 2028 usifanyike hata kidogo mpaka vita viishe. Kuna wanaosema asiye na kadi ameshapoteza uraia na shamba. Mume wangu anasema uchaguzi ndio utakaomaliza vita, kwa hiyo uharakishwe. Nani anasema kweli, na mtu kama mimi afanye nini?"

Jibu:

Mama mwalimu, poleni sana, wewe na nyumba yako. Umeuliza mambo mengi, na nyuma yake nasikia hofu moja: kwamba nchi inazoea kwenda bila nyinyi, na kiti chenu kikikaa muda mrefu bila mwenyewe, kitapata mwenyewe mwingine. Hofu hiyo ina msingi. Ila mabishano ya hapo kambini yote ni ya siku ya kura, na mimi nakuomba uangalie mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, pale daftari la wapiga kura linapofunguliwa. Nitafika huko. Kwanza tuyaondoe yale yanayokunyima usingizi bure.

Kadi iliyoungua haikuondoka na uraia wako. Uraia wa Kongo unatawaliwa na Katiba na sheria ya Novemba 2004. Hakuna anayeupata kwa kuandikishwa na Tume ya Uchaguzi, CENI, wala anayeupoteza kwa kutoandikishwa. Najua uvumi huo ulikotoka. Kwa miaka mingi Mkongo wa kawaida hakuwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kadi ya kura ndiyo aliyoionyesha benki, ofisini na kwenye vizuizi vya barabarani. Shamba nalo lina mambo yake: hati kama ipo, chifu wa mahali, mashahidi, jirani anayejua mpaka unapita wapi. Mashamba huporwa wakati wa vita, hilo unalijua kuliko mimi, lakini kutokuwepo kwa jina lako CENI hakumpi mporaji haki yoyote.

Tuje kwa Bunge. Tarehe 20 Desemba 2023, CENI chini ya Denis Kadima iliendesha uchaguzi ikiwa na wapiga kura karibu milioni 44 daftarini, na wagombea zaidi ya 25,000 wakiwania kuingia Bunge la Taifa, lenye viti 500. Masisi na Rutshuru huko Kivu Kaskazini, pamoja na Kwamouth huko Mai-Ndombe, hazikupiga kura kwa sababu hata uandikishaji haukuwezekana. Kwenu walikuwepo M23. Kwamouth walikuwepo wanamgambo wa Mobondo. Matokeo ya muda yaliyotangazwa Januari 2024 yalikuwa na majina 477. Wala pengo hilo halikuletwa na vita peke yake: Masimanimba na Yakoma walipiga kura, zikafutwa kwa udanganyifu, wakarudia Desemba 2024.

Bunge la namna hiyo si batili. Ibara ya 101 ya Katiba inasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima, hata kama alichaguliwa na watu wa wilaya moja. Mbunge wa Kisangani kisheria ni mbunge wako pia, na sheria anayoipitisha inakufunga na kukulinda kama inavyomfunga na kumlinda mtu wa Kisangani. Anayekuambia sheria za nchi hazikuhusu anakupeleka pabaya, maana siku utakayoihitaji sheria hiyo kudai shamba lako, huwezi kuwa umeshaikana. Tena wilaya zilizokosa kuandikisha zilikuwa tatu kati ya 145.

Lakini kuwa halali hakutoshi, na hapa wenzako wa kambini wana hoja. Bajeti ya ulinzi, fidia za waliopoteza makazi, muda wa utawala wa kijeshi uliowekwa Kivu Kaskazini na Ituri tangu Mei 2021: yote hayo yanawagusa watu wa Rutshuru na Masisi kuliko watu wa karibu popote pengine, na watu hao ndio hawakuulizwa. Upungufu huo ni wa kweli hata kama hakuna hakimu wa kuufuta. Na watu huuhisi. Mwaka 2018 CENI ilipoahirisha kura ya Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na mauaji, pamoja na ile ya Yumbi, zaidi ya watu milioni moja waliachwa nje ya uchaguzi wa rais. Wakazi wa Beni walijipangia kura yao wenyewe tarehe 30 Desemba, wakasimama foleni, wakanawa mikono kama kanuni za Ebola zilivyotaka, wakaandika kwenye karatasi na kutumbukiza. Wabunge wao waliwachagua Machi 2019, wakati rais alikuwa ameshaapishwa tangu Januari. Kura ile ya karatasi haikuhesabiwa popote, lakini iliwaambia viongozi kwamba watu wa Beni wanaijua haki yao.

Sasa mumeo. Anachosema kimewahi kutokea, na kinyume chake kimewahi kutokea, na sababu za tofauti zinajulikana.

Angola walitia saini amani huko Bicesse Mei 1991 na kupiga kura Septemba 1992. Jeshi la serikali na lile la waasi wa UNITA yalitakiwa yawe yamevunjwa na kuunganishwa kabla ya kura. Jeshi moja lilitangazwa siku mbili tu kabla ya uchaguzi, likiwa zaidi kwenye karatasi, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na waangalizi wachache mno kwa nchi kubwa kiasi kile. Chama tawala, MPLA, kilipata viti 129 kati ya 220, UNITA 70. Kiongozi wa UNITA, Jonas Savimbi, alikataa matokeo; majeshi yake yalikuwa bado yapo, akayatumia. Vita viliendelea mpaka alipouawa Februari 2002, na Waangola hawakuchagua wabunge tena hadi 2008.

Msumbiji walitia saini Rome Oktoba 1992, kwa hiyo waliyaona ya Angola yakitokea mlango wa pili. Waliahirisha uchaguzi mwaka mzima, kutoka 1993 hadi Oktoba 1994, ili askari wakusanywe na silaha zipokewe kwanza. Umoja wa Mataifa ulipeleka maelfu ya walinda amani, na ulikuwepo mfuko maalumu wa fedha za kulisaidia kundi la waasi la RENAMO kugeuka kuwa chama. Hata hivyo kiongozi wake, Afonso Dhlakama, alitangaza kususia usiku wa kuamkia kura, kisha akarudi. FRELIMO, chama tawala, ilipata viti 129 kati ya 250, RENAMO 112. Aliyeshindwa urais hakuondoka mikono mitupu: watu wake 112 walikaa Maputo, wana mshahara, wana jukwaa, wana cha kupoteza. Bunge ndilo lililofanya kazi hiyo, kwa sababu kiti cha rais ni kimoja na hakigawanyiki. Nisikufiche kwamba mapigano yalirudi Msumbiji mwaka 2013. Hata hivyo ile miaka karibu ishirini katikati ilikuwa amani ya kweli, watoto walizaliwa na kumaliza shule ndani yake.

Kongo yenyewe ilipitia njia hiyo. Mkataba wa Pretoria wa Desemba 2002 ulileta serikali ya rais mmoja na makamu wanne, Katiba ikapigiwa kura Desemba 2005, na tarehe 30 Julai 2006 watu wakachagua rais na wabunge, CENI ya wakati huo ikiitwa CEI chini ya Padri Apollinaire Malumalu. Zaidi ya watu milioni 25 walikuwa wameandikishwa. RCD-Goma, iliyokuwa imetawala sehemu kubwa ya mashariki kwa bunduki na kuwa na makamu wa rais katika mpito, ilipata viti 15 kati ya 500. Mwaka huohuo Laurent Nkunda akaanzisha kundi la waasi la CNDP, na jina la M23 lenyewe linatokana na mkataba ambao serikali ilitia saini na CNDP tarehe 23 Machi 2009. Sisemi kura zile ndizo zilizozaa CNDP. Yalikuwepo mambo ya ardhi, ya uraia, ya wakimbizi waliokwama ng'ambo, na mkono wa Rwanda. Ninachosema ni kwamba uchaguzi humwonyesha kila kundi lenye silaha idadi halisi ya watu wanaolikubali, na kundi lenye bunduki nyingi na kura chache halifurahii kuonyeshwa. Kama bunduki bado ziko mikononi mwake siku hiyo, basi tatizo limeanza upya. Kwa hiyo mumeo ana haki akisema uchaguzi unaweza kufunga vita, endapo silaha zimeshughulikiwa kabla. Akisema uharakishwe ili umalize vita, ameupindua mpangilio.

Libya inatosha kumwonyesha. Juni 2014 walichagua wabunge huku wanamgambo wakiwa na silaha zao kila mji. Viti vilikuwa 200, vikajazwa 188, kwa sababu sehemu kama Derna hazikupiga kura. Kufikia Agosti Bunge lilikuwa limekimbilia Tobruk, na Tripoli kulikuwa na wengine wanaodai kuwa Bunge. Nchi ilipata mabunge mawili badala ya moja, na haijachagua jingine tangu siku hiyo.

Na wale wanaosema tusubiri vita viishe? Hao nawaelewa kuliko wote, kwa sababu wanadai usawa: tupige wote au asipige mtu. Wasichokiona ni nani anayefaidika na kusubiri. Ibara ya 103 ya Katiba inasema mbunge anachaguliwa kwa miaka mitano, lakini muda wake unaisha pale Bunge jipya linapowekwa. Uchaguzi usipofanyika, waliomo wanabaki. Wakongo wameshaliona hilo kwa macho yao: maseneta waliochaguliwa 2007 walikaa mpaka 2019. Vita vikiwa ndiyo sharti la kutofanya uchaguzi, basi aliye madarakani anapewa sababu ya kutovimaliza, na mwenye bunduki msituni anapewa uwezo wa kuzuia uchaguzi wa nchi ya watu zaidi ya milioni mia moja kwa kushikilia mji mmoja.

Côte d'Ivoire walisubiri. Nchi iligawanyika Septemba 2002, kaskazini ikiwa mikononi mwa waasi. Muda wa Rais Laurent Gbagbo uliisha Oktoba 2005, uchaguzi ukafanyika Oktoba na Novemba 2010, na wabunge waliochaguliwa mwaka 2000 wakaendelea hadi Desemba 2011. Katikati walifanya jambo moja zuri sana ambalo Kongo ingepaswa kulisoma: baada ya mkataba wa Ouagadougou wa Machi 2007, maofisa wa serikali waliingia eneo la waasi kwa makubaliano, wakawapa watu hati za kuzaliwa, wakawaandikisha, na daftari la watu milioni 5.7 likakubaliwa na pande zote. Hilo lilikuwa gumu kweli, kwa sababu vita vyenyewe vilikuwa juu ya nani ni raia na nani si raia. Walichoshindwa ni silaha. Upokonyaji uliokusudiwa utangulie haukukamilika, matokeo yakabishaniwa, na watu wapatao 3,000 wakafa. Kusubiri kulisaidia pale tu muda ulipotumiwa kufanya kazi.

Hapo ndipo ninapokurudisha kwenye daftari, mama, kwa sababu Kongo ina kanuni ambayo watu wengi hawaijui.

Viti vya Bunge la Taifa havigawanywi kwa idadi ya wakazi. Vinagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa. CENI inachukua walioandikishwa nchi nzima, inagawanya kwa 500, na hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja. Kwa daftari la 2023 la karibu milioni 44, kiti kimoja kilikuwa kama watu 88,000. Baada ya hapo Bunge linapitisha sheria ya mgawo wa viti kwa kila jimbo la uchaguzi. Ya mzunguko uliopita ilipitishwa Juni 2023. Sasa fikiria watu 88,000 wa Rutshuru wamekimbilia mji mwingine wa Kongo na kuandikishwa huko kwa sababu ndipo wanapolala. Wametimiza wajibu wao kama raia, na bila kujua wamehamisha kiti kimoja kutoka Rutshuru kwenda mji huo. Wagombea watakaoomba kura zao watakuwa wa mji huo, wenye shida za mji huo. Na wale waliovuka mpaka, kama wewe, hawahesabiwi popote. Mkoa unaweza kupoteza viti kabla ya karatasi moja ya kura kuchapishwa.

Mwaka 2023 wilaya zile tatu hazikufutwa kwenye hesabu ya viti 500, ingawa hazikushindaniwa siku hiyo. Shikilieni mfano huo. Lakini wakati ule tulikuwa na wilaya tatu. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa AFC/M23, yaani M23 na muungano wake wa kisiasa, mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, tunazungumzia miji mikuu ya mikoa miwili na makumi ya viti. Hali ikiendelea hivyo, Bunge litakalokuwa linapitisha mgawo wa viti wa 2028 litakuwa na kishawishi kikubwa cha kutumia idadi ya walioandikishwa bila kuangalia nyuma, na kila mkoa mwingine utafaidika kimyakimya.

Kuna la pili linaloambatana na hilo. Sheria ya uchaguzi inadai chama au muungano wa vyama upate angalau asilimia 1 ya kura halali za nchi nzima ndipo upewe kiti. Chama ambacho wapiga kura wake wengi wako Kivu, Kivu isipopiga kura, kinaweza kushuka chini ya asilimia hiyo na kukosa viti hata kule kilikopigiwa kura vizuri. Kwa hiyo vita vya mashariki vinaweza kumnyima mtu wa Kivu anayeishi Kinshasa mbunge aliyemchagua Kinshasa. Sijasikia jambo hili likijadiliwa inavyostahili, na linanisumbua.

Iraq waliingia mtego wa aina hii. Januari 2005 walichagua wabunge 275 nchi nzima ikiwa jimbo moja. Mkoa wa Anbar, wenye vita na ususiaji, ulipiga kura kwa asilimia 2 tu. Kwa kuwa viti vilifuata kura, sauti ya Wasunni katika Bunge lililoandika Katiba ikawa karibu haisikiki, na umwagaji damu ukazidi. Desemba mwaka huohuo walibadilisha: viti vingi vilipangiwa mikoa mapema, kiasi kwamba mkoa ulibaki na viti vyake hata wakijitokeza wachache. Vita havikuisha kwa marekebisho hayo, lakini Wasunni waliingia bungeni kwa wingi zaidi kuliko mara ya kwanza.

Basi kama ningeulizwa, ningesema uchaguzi wa 2028 ufanyike mahali unapowezekana, kwa sharti kwamba viti vya maeneo yasiyoandikisha vitengwe kisheria kwa hesabu za daftari la mwisho walilowahi kuwa nalo, asilimia 1 ihesabiwe kwa namna isiyowaadhibu, na njia ya kuvijaza iandikwe mapema. Mirathi ikigawanywa na mrithi mmoja yuko safarini, wenye busara hutenga fungu lake na kuandika jina lake juu yake; hawamsubiri miaka kumi, wala hawaligawani. Nakiri njia hii ina gharama. Rais atachaguliwa bila kura zenu, na kiti cha urais hakiwezi kutengewa fungu. Walichofanyiwa watu wa Beni 2018 kinaweza kujirudia kwa ukubwa zaidi. Kama Kivu zote mbili zitakuwa nje, nadhani uchaguzi wa rais ungehitaji makubaliano ya kisiasa kwanza, hata kwa kuchelewa kidogo kwenye tarehe inayojulikana na isiyosogezwa. Uchaguzi wa wabunge unaweza kufanywa kwa awamu bila kuvunja nchi. Wa rais siuoni ukivumilia hivyo.

Utaniuliza: kwa nini waliokimbia wasipigie kura viti vya kwao wakiwa walipo? Ni wazo zuri, na ndilo ningependa lijaribiwe kwa wakimbizi wa ndani. Lina hatari yake. Bosnia, mwaka 1996, ziliwekwa fomu za kumwezesha aliyefukuzwa kwao achague mahali pa kupigia kura, pakiwemo mahali anapokusudia kuishi. Wakuu wa Waserbia waliwashinikiza wakimbizi wao wajiandikishe katika miji waliyotaka kuishika, kama Brčko, ili kura ikamilishe kazi iliyoanzwa na bunduki. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukaahirishwa hadi mwaka uliofuata. Funzo la pale ni kwamba mtu apewe haki ya kupigia kura kwao alikotoka, kwa ushahidi kwamba alitoka huko, na mlango wa "ninakokusudia kwenda" ufungwe. Kwa Rutshuru na Masisi hili si dogo. Ugomvi wa nani ni Mkongo na nani amevuka mpaka juzi umeua watu wengi huko, na daftari lolote litakaloandikwa chini ya bunduki ya upande mmoja litaitwa daftari la wageni na upande mwingine, hata kama kila jina ni la kweli. Ndiyo maana mazungumzo ya Doha kati ya serikali na AFC/M23, yaliyotoa tamko la kanuni Julai 2025 na mkataba wa mfumo Novemba 2025, nayapima kwa swali moja: nani ataandikisha watu, wapi, na mbele ya mashahidi gani? Mkisikia makubaliano mapya redioni, sikilizeni kama hilo limo. Na tazameni kalenda: uandikishaji wa mzunguko uliopita ulianza Desemba 2022, mwaka mzima kabla ya kura. Kwa uchaguzi wa Desemba 2028, madai yenu yanatakiwa yawe mezani kabla ya mwisho wa 2027.

Kwako wewe binafsi, uliyeko Uganda. Mwaka 2023 Wakongo wa nje walipiga kura katika nchi tano tu za majaribio, yaani Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada, nao walimpigia rais. Uganda, yenye wakimbizi Wakongo zaidi ya nusu milioni, haikuwemo. Hilo lina maana mbili. Usimlipe mtu yeyote atakayekuja kambini na orodha au fomu ya "kuandikisha wapiga kura wa 2028"; hakuna shughuli kama hiyo inayofanywa kwa kuuza fomu. Na usirudi Kongo kwa ajili ya kuandikishwa tu. Kadi haina thamani ya uhai wako, na daftari hufunguliwa upya kila mzunguko. Siku utakaporudi kwa amani, utaandikishwa, na kutokuwepo kwako katika daftari la 2023 hakutakuwa kosa. Ukirudi, andikishwa mara moja tu na mahali pamoja. Kuandikishwa mara mbili ni kosa la jinai, na ndilo jambo ambalo wapinzani wenu watalitafuta kwanza.

Wakati huu kusanya ushahidi wa ulikotoka. Andika kwenye daftari la shule jina la kijiji, chifu, kituo ulichopigia kura 2018, shule ulizofundisha na miaka, majina ya majirani wa pande zote za shamba. Wenzako wafanye vivyo hivyo, mkiwa bado mnakumbuka na wazee bado wapo. Cheti cha ualimu, kadi ya ubatizo, kitabu cha chanjo cha mtoto, karatasi ya mshahara: vyote vipigwe picha na nakala ihifadhiwe kwa ndugu anayeishi mbali. Watoto waliozaliwa Uganda wapatiwe cheti cha kuzaliwa huko, kwa sababu mtoto asiye na karatasi popote ndiye atakayeulizwa uraia kesho.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatatua na unapaswa kukaa na mtu ana kwa ana. La kwanza: kabla ya kwenda ubalozini kuomba pasipoti au hati yoyote ya Kongo, pita ofisi ya ulinzi ya UNHCR au kwa wanasheria wa Refugee Law Project mjini Kampala. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 unasema mtu anayejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Si kila hatua ya ubalozini inafika huko, lakini mwanasheria ndiye atakayeipima hatua yako. La pili: mtu yeyote, awe wa serikali, wa M23 au wa kundi jingine, akikusanya majina au kadi kwa vitisho, usibishane naye, mpe taarifa afisa wa ulinzi kambini siku hiyohiyo. La tatu: kama unajua kuna mtu ameshaingia kwenye shamba lako, usingoje uchaguzi wala mkataba. Mtafute mwanasheria sasa akusaidie kuandika malalamiko yenye tarehe, na kama parokia yenu ilikuwa na Tume ya Haki na Amani, wafikie kupitia wakimbizi wenzako. Mara nyingi huwa wamebaki na kumbukumbu za mahali ambazo ofisi za serikali zimepoteza.